Malalamiko kwa Wakuu wa Linux Kuhusu Kabati Lililokataa Kuzunguka

Karakana ya Samani,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Kwa Wakuu wa Linux,
Popote Mlipo,
Kupitia kwa mpwa wangu, ambaye anazijua njia zenu.

Ndugu Wakuu,

YAH: SASISHO LENU KULIZIMA KABATI LANGU NA KUHATARISHA SAUTI YANGU KATIKA UKOO WA MKE WANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini mimi si mtu wa kuacha kitu kijieleze chenyewe wakati nipo.

Mimi ni fundi seremala mwenye karakana yangu mwenyewe, huu ni mwaka wa ishirini na saba. Kwa upande wa elimu nilisoma darasa la sita mara mbili, ambayo kwa hesabu ya kawaida inanifikisha kumi na mbili, kwa hiyo msisite kutumia maneno mazito mtakaponijibu. Kwa upande wa kazi niseme tu kwamba niliwahi kusimamisha kabati lililonyooka kiasi kwamba waashi wa nyumba ya jirani walikuja kuipima timazi yao kwenye mlango wake. Kiti changu kimoja kilikaliwa na bwana ambaye mizani ya kliniki ilikuwa imemshinda. Kiti hakikutoa hata mlio.

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeshughulikia kompyuta za hospitali, aliniletea kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu. Akaiwekea Linux yenu na programu ya kuchora samani. Alinieleza kwamba kadi hiyo ndiyo inayobeba kazi nzito ya kuonyesha michoro, na kwamba ili kompyuta ielewane nayo kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Nilimwelewa kabla hajamaliza sentensi. Tangu siku hiyo nachora kabati zima kwenye skrini, halafu nabonyeza kitufe kimoja tu, kabati linazunguka taratibu, milango inafunguka, droo zinatoka moja moja na kurudi. Watu wazima wamesimama mbele ya skrini yangu wakasahau walichokuja kununua.

Sasa niwaambie jambo ambalo sipendi kuliandika. Katika ukoo wa mke wangu siaminiki. Siku ya kujitambulisha, miaka ishirini na miwili iliyopita, nilimsimulia mama mkwe habari za kitanda nilichowahi kutengeneza, ambacho timu nzima ya mpira ilikilalia pamoja na refa. Labda refa nisingemtaja. Tangu hapo mama mkwe akiulizwa kuhusu mimi hujibu, "Mkwe wangu ni mtu mzuri, tatizo anaongea."

Hivi karibuni, kwenye kikao cha familia, nikaeleza habari za kabati linalozunguka. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. Mama mkwe yeye hakucheka. Alisema, "Mkwe, Jumamosi ya wiki ya pili kutoka leo, saa nne asubuhi, nitakuja hapo karakanani kwa miguu yangu. Nikiliona, nitakuheshimu mbele ya watoto wangu wote. Nisipoliona, kuanzia siku hiyo ukiwa mbele yangu utasalimia, utakula, utaaga. Hadithi basi." Nikakubali mbele ya mashahidi huku moyoni nacheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika ukoo ule nilikuwa nasema kweli tupu, haina hata chumvi.

Jumamosi hiyo ni keshokutwa. Kabati halizunguki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sasisho lenu lilikuja na adabu iliyopita kiasi. Ijumaa iliyopita kilitokea kijidirisha pembeni mwa skrini kikiniarifu kwamba masasisho mia moja arobaini na matatu yako tayari, je, niko radhi? Mtu akiombwa radhi namna hiyo atakataaje? Nikabonyeza Ndiyo. Katikati ya kazi likaniomba nitunge neno la siri jipya, herufi zisizopungua nane, niliandike mara mbili. Nikatunga. Nilitunga zuri. Kisha likaomba ruhusa ya kuzima na kuwasha upya, nikaliruhusu, nikaenda kupaka gundi miguu ya meza. Najiuliza hadi leo: mgeni aliyeomba ruhusa kila hatua, aliharibu saa ngapi?

2. Niliporudi, skrini ilikuwa imevimba. Herufi zimekuwa kubwa kama za bango la barabarani, vitufe vingine vimesukumwa nje ya kioo, na picha nzima ina ukungu kama unatazama kwa chupa. Nikalifungua kabati langu. Milango mitano, droo kumi na nne, kioo katikati. Nikabonyeza kitufe cha kuzungusha. Likakaa. Likafikiri. Likasogea kidogo kama mtu aliyeamka na maumivu ya kiuno, likakaa tena. Nikaenda kunywa chai, nikarudi, likawa linanionyesha mgongo. Kumwonyesha mtu mzima mgongo ndani ya karakana yake! Nilipiga hesabu, na kwa mwendo ule mzunguko mmoja ungechukua dakika arobaini. Mama mkwe hajawahi kukaa na mimi dakika arobaini, hata siku ya harusi yangu.

3. Mpwa wangu amelitibu tatizo hili kwa simu siku tano mfululizo, na naomba ieleweke kwamba simlaumu yeye, nawalaumu nyinyi. Kila mchana akipumzika kazini hunifungulisha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, ananitajia herufi moja moja, na mimi naandika kwa kidole hiki kimoja ambacho hakijawahi kukosea kipimo. Siku ya kwanza tuliiuliza kompyuta kama inaiona kadi. Ikajibu inaiona. Siku ya pili tukaiuliza kama draiva imewekwa. Ikajibu imewekwa. Siku ya tatu akaniambia niiwashe kwa kiini cha zamani cha Linux, kile cha kabla ya sasisho. Mimi si mtu wa kurudi nyuma, hata msumari nikiupigilia vibaya huuendeleza mpaka utokee upande wa pili, lakini kwa ajili ya mama mkwe nikarudi. Hali ile ile. Siku ya nne tukaiondoa draiva na kuiweka upya. Siku ya tano, ambayo ni jana, tukarudia. Mara zote mbili ikadai tena nitunge neno la siri, na mara zote mbili nikaandika lile lile la Ijumaa, maana nilishalipenda.

Basi ndugu zangu, kadi ipo, draiva ipo, mimi nipo. Hapa amekosekana nani kama si nyinyi?

Jana hiyo hiyo mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, draiva imewekwa ila inazuiwa mlangoni. Mashine yako ina ulinzi, haipokei draiva ngeni mpaka mwenye mashine aithibitishe. Wakati wa kuwaka, kuna kitu chochote kimekuuliza swali?" Nikamjibu kwamba ndani ya karakana hii anayeuliza maswali ni mimi. Akasema, "Mjomba, nauliza kweli." Nikamwambia atulie, habari za ulinzi nazishughulikia mwenyewe. Akavuta pumzi kama mtu anayejitwisha gunia, akaniaga.

4. Na hapa nafika kwenye lalamiko ambalo sijamweleza mpwa wangu, nisimtie hofu bure. Mmeacha mlango wazi na tapeli ameingia.

Ni hivi. Kila tukishaweka draiva na kuwasha upya, kabla Linux yenyewe haijaamka, skrini nzima inakuwa ya buluu. Yanatokea maandishi ya Kiingereza kwamba nibonyeze kitufe, na pembeni kuna hesabu inayorudi nyuma: kumi, tisa, nane. Ijumaa nilibonyeza ili nimjue mtu wangu. Akajizungusha kwa maswali mawili matatu ya kinafiki, je, niendelee, je, una uhakika, halafu akaivua ngozi ya kondoo: akaniomba neno la siri. Lile lile! Limetungwa asubuhi, analitaka mchana!

Sasa mpwa wangu alishanionya mwanzoni kabisa, tena kwa ukali, "Mjomba, mtu yeyote akikuomba neno la siri usimpe, hata akijifanya ni mimi." Na mimi kwa matapeli si mgeni. Kuna mmoja alinipigia simu akitaka namba yangu ya siri, nikamweka kwenye mstari tangu asubuhi hadi adhuhuri nikimsimulia maisha yangu, mpaka akanipa namba yake ya siri yeye, ili mradi nimwache akate simu. Kwa hiyo huyu wa buluu alikosea nyumba. Ijumaa nilimzimia mashine usoni. Jumanne na jana wala sikugusa kibodi. Nilivuta kigoda, nikakunja mikono, nikawa namtazama tu. Akahesabu. Saba, sita, tano. Nami namtazama. Alipofika mwisho akakimbia mwenyewe.

Jumanne nilimwita mke wangu aje ashuhudie ushindi. Mke wangu akatazama, akauliza, "Baba watoto, hilo neno si ulilitunga mwenyewe sasa hivi?" Nikamwambia ndiyo maana analitaka. Mke wangu akarudi ndani akitikisa kichwa, nadhani kwa kustaajabu.

5. Mwenye duka la rangi amepata la kusema. Kila asubuhi akifungua mlango wake hupaza sauti, "Fundi, mgonjwa ameamkaje? Amegeuka upande?" Wateja wake wanacheka kabla hawajanunua hata brashi. Huyu ni mtu ambaye mwaka jana alikuja kwangu mara tatu kwa siku moja kulitazama kabati likizunguka, mara ya tatu akaja na mke wake.

6. Lalamiko la mwisho halinihusu mimi, linauhusu ukoo. Chukueni nimenyamazishwa. Nimesalimia, nimekula, nimeaga. Nani atabaki na mazungumzo? Shemeji. Na shemeji ana hadithi moja tu maishani mwake, ya siku aliyong'olewa jino, na hata hiyo haina mwisho kwa sababu alikuwa amechomwa sindano ya ganzi. Watoto wa ukoo ule watakua wakidhani duniani hakuna lililowahi kumtokea mtu. Watakuwa wazazi wasio na la kuwaambia watoto wao. Ndani ya vizazi viwili mtakuwa mmeuzima ukoo mzima kama mlivyoizima kadi yangu, na kwa sababu ya sasisho lililoomba radhi!

Kwa hayo, na kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Kabati lizunguke kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne kamili, mama mkwe hachelewi.

(b) Tapeli wa buluu akamatwe. Niko tayari kutoa ushahidi, na ushahidi wangu ni mrefu.

(c) Mkishindwa (a), mniandikie cheti chenye mhuri kwamba kabati lilikuwa likizunguka, na kwamba katika jambo hili, tofauti na lile la refa, nimesema kweli. Cheti kiletwe na watu watatu waliochomekea mashati, angalau mmoja awe na mvi, kwa sababu mama mkwe hamsikilizi mtu aliyezaliwa juzi.

(d) Mpwa wangu ananiambia kwamba Linux hamuiuzi, kwamba wengi wenu mnaitengeneza kwa kujitolea na kuigawa bure. Vizuri. Basi fidia sitadai. Lakini mwaka jana niliwashukuru sana, kwa sauti, mbele ya watu. Shukrani hizo nazitaka zirudi.

(e) Kuanzia sasa sasisho lolote, kabla halijatolewa popote duniani, lipelekwe kwanza kwa mama mkwe wangu likaguliwe. Sisemi hivi kwa utani. Yule mama huiona kasoro ya kiti akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara, na kiti kimegeuzwa ukutani. Masasisho mia moja arobaini na matatu angeyamaliza kabla chai haijapoa, na mia moja arobaini na mawili angeyarudisha yakaoshwe.

Sina la ziada. Naamini nyinyi ni watu waungwana, maana mtu hawezi kuwa mwovu na akaomba radhi mara nyingi namna ile.

Wasalimieni wote hapo ofisini, wake kwa waume, na yule aliyetengeneza kile kijidirisha cha pembeni msalimieni pia, mwambieni sina kinyongo naye, ila apunguze ulimi mtamu. Mke wangu anawasalimu. Mwenye duka la rangi hawasalimu, nami sitamsemea.

Wenu katika kunyoosha mbao na mambo,

Mjomba,
Fundi Mkuu wa Karakana (na wa pekee).

Nakala: Mpwa wangu, aipitishe.
Nakala: Mama mkwe, asipewe kwanza.

NYONGEZA
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana.

Ndugu Wakuu, barua hii sikuwahi kuituma, na imekuwa heri.

Leo asubuhi mpwa wangu alinielekeza tena kuiweka draiva upya, nikatunga tena neno lile lile, na nilipokuwa nawasha, mama mkwe akaingia. Saa nne kamili. Nyuma yake shemeji, nyuma ya shemeji mwenye duka la rangi, ambaye hakualikwa. Skrini ikawa ya buluu, hesabu ikaanza. Nikawageukia nikawatangazia kwamba huyu ndiye tapeli, na kwamba mpaka leo nimempiga mara tatu.

Mama mkwe akauliza anataka nini. Nikasema anataka neno la siri. Akauliza nani alilitunga. Nikasema mimi. Akauliza ni la nini. Nikasema la kuithibitisha draiva. Akavaa miwani, akasema, "Mkwe, mashine inauliza kama wewe ndiye mwenyewe, nawe siku zote hizi unaikatalia?" Kisha akabonyeza kitufe yeye mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, na hesabu ikasimama. Akasema, "Haya, liandike."

Nikayajibu yale maswali yake ya kinafiki, nikaandika. Kwa kawaida neno hilo halionekani kwenye skrini, lakini mimi nina tabia ya kutamka kila herufi ninayoibonyeza. Neno lenyewe sitaliweka hapa. Niseme tu kwamba nilikuwa nimelitunga nikiwaza ziara hii, kwamba linaanza na "mamamkwe," na kwamba sehemu iliyobaki mama mkwe aliisikia hadi herufi ya mwisho. Shemeji alitoka nje. Mwenye duka la rangi alibaki ndani kwa makusudi.

Mashine ikajiwasha upya. Herufi zikarudi saizi yake, ukungu ukaondoka. Nikabonyeza kitufe, na kabati likazunguka kama halijawahi kuumwa.

Mama mkwe alilitazama mizunguko minne. Halafu akasema, mbele yao wote, "Mkwe, leo nimekuamini." Na kabla sijaanza kulia akaongeza, "Nitengenezee hili hili. Kama lilivyo. Mwisho wa mwezi nitatuma gari."

Ndugu Wakuu, mimi lile kabati nililichora ili lizunguke. Sikulichora ili litengenezwe. Droo ya saba inapita katikati ya droo ya nane, jambo ambalo kwenye skrini halina ubishi lakini mbao hazikubali. Na miguu sikuwa nimeichora bado, kwa hiyo kabati linaelea hewani kiasi cha shubiri moja juu ya sakafu. Hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Alisema ufagio utapita chini bila kugonga kitu. Nilijaribu kumweleza. Akanikatiza, "Usiwe mnyenyekevu, mkwe. Nimeliona kwa macho yangu."

Kwa hiyo nayafuta malalamiko yote, moja hadi sita, pamoja na maombi, (a) hadi (e). Shukrani kaeni nazo, na ninaziongezea. Ila nina ombi moja, tena la haraka: mama mkwe anarudi Jumatano kulitazama tena ili achague rangi. Naomba mnitumie sasisho jingine kama lile la Ijumaa, liwe baya zaidi mkiweza. Likifika, nitabonyeza Ndiyo bila kusoma.